Kununua Fimbo za Gofu Bila Kuzijaribu: Vipimo Kwanza, Jina Baadaye

Duka lenye wavu wa kupigia mipira, mashine ya kupima kasi ya pigo na fundi wa kukukatia fimbo kulingana na kimo chako ni kitu adimu Afrika Mashariki. Nairobi pana mahali pachache pa namna hiyo. Mchezaji wa Arusha, Kisumu, Morogoro au Jinja hununua kwa macho tu: picha ya tangazo mtandaoni, picha kwenye kundi la WhatsApp la klabu, au maelezo ya ndugu aliyesimama dukani Dubai akiwa na haraka ya kwenda uwanja wa ndege. Anayetumia mkono wa kushoto ana shida zaidi. Fimbo zake ni chache popote pale, hata Nairobi, na karibu kila mara hulazimika kuagiza kitu ambacho hajakishika.

Hata hivyo, si lazima uuziwe mbuzi kwenye gunia. Fimbo ya gofu ni kifaa chenye namba: ina urefu, uzito na pembe. Namba hizo unaweza kuziuliza kwa simu, na mwili wako unaweza kuupima nyumbani. Kinachobaki ni kujua kasoro ipi fundi ataweza kuirekebisha baadaye na ipi utakaa nayo mpaka uiuze. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: ukikosea, kosea mahali panaporekebishika.

Jipime wewe kwanza

Vaa viatu unavyochezea, simama wima ukitazama mbele, mikono ining'inie yenyewe. Mtu akupime kimo, kisha apime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kipimo hiki cha pili ndicho chenye uzito zaidi, kwa sababu watu wawili wa kimo kimoja huweza kutofautiana sana kwa urefu wa mikono. Chati nyingi humpa fimbo za urefu wa kawaida mtu ambaye kifundo chake kiko kati ya sentimita 86 na 91 kutoka sakafuni. Aliyezidi hapo huongezewa robo au nusu inchi, na aliyepungua hupunguziwa. Kampuni kama Ping hutumia vipimo hivi hivi viwili kukadiria urefu na pembe ya fimbo zinazomfaa mchezaji.

Pima na mkono wenyewe. Shika fimbo yoyote kwa mkono unaovaa glavu. Ncha za vidole vya kati zikigusa kiganja kidogo tu, gripu hiyo inakutosha. Zikizama kwenye kiganja, gripu ni nyembamba. Zikishindwa kufika, ni nene. Andika mahali saizi ya gripu hiyo au saizi ya glavu yako.

Jambo la tatu ni nguvu ya pigo lako. Usihesabu lile pigo moja lililosukumwa na upepo siku ya mashindano. Tumia umbali ambao mpira wako hutua mara nyingi ukipiga fimbo namba 7. Kwa makadirio, anayerusha chini ya yadi 130 anahitaji shafti nyepesi na laini. Kati ya 130 na 155, shafti ya kawaida. Kupita hapo, shafti ngumu.

Lakini angalia unachezea wapi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa kama asilimia 6 kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Yadi 160 za Muthaiga, Nairobi, ni kama yadi 150 za Nyali, Mombasa. Makadirio ya shafti hayajui kwamba unachezea mlimani. Mtu wa nyanda za juu asiyepunguza hesabu yake huishia kununua shafti ngumu kuliko mikono yake, kisha akashangaa kwa nini mipira yote inakwenda kulia na chini.

Mwisho, azima. Seti unayoinunua huwezi kuijaribu, ila ndugu yake unaweza. Kedi mzoefu anajua kilichomo katika kila mkoba wa klabu: nani ana shafti za chuma, nani ana za grafaiti, nani alinunua toleo lile unalolitamani kisha likamshinda. Mweleze unachotafuta, akupeleke kwa mwenye nacho, uombe kupiga mipira michache kwenye uwanja wa mazoezi. Mipira hiyo itakufundisha kuliko maelezo yote ya tangazo.

Namba nne za kusoma kwenye fimbo

Ya kwanza ni urefu. Fimbo namba 7 ya kiume yenye shafti ya chuma huwa na inchi 37 hivi, na ya kike inchi 36 hivi. Draiva nyingi za leo ziko kati ya inchi 45 na 46. Katika seti ya kawaida, kila fimbo hupungua takriban nusu inchi kadiri namba inavyopanda. Kwa mitumba, usitegemee alama ya kampuni pekee: mwenye fimbo wa kwanza huenda alizikata au kuziunga, na anayeziuza leo hana habari.

Ya pili ni lofti, yaani mwinamo wa uso wa fimbo. Hapa ndipo namba iliyochongwa chini ya kichwa inapodanganya. Fimbo namba 7 ya miaka ya 1980 ilikuwa na nyuzi 35 hivi. Nyingi za leo, hasa zile zinazolenga wachezaji wa kawaida, zina nyuzi 28 hadi 30, maana yake ni namba 5 ya zamani iliyobandikwa namba 7. Ndiyo sababu mtu hujaribu fimbo mpya ya rafiki, akaona amepata yadi 15 za bure, akainunua. Gharama huonekana mwisho wa seti. Weji ya kwanza ya seti kama hiyo inaweza kuwa na nyuzi 44. Ukiongeza weji ya mchangani ya nyuzi 56, umejiachia pengo la nyuzi 12 na huna fimbo ya umbali wa katikati. Pengo la nyuzi 4 au 5 kati ya fimbo na fimbo ndilo linalofaa. Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta jedwali la lofti la toleo hilo, uliweke kando ya fimbo utakazobaki nazo.

Ya tatu ni pembe ya ukaaji: jinsi kichwa kinavyolala chini unapopiga. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ncha ya kichwa ikiinuka mpira huelekea kushoto. Kisigino kikiinuka, mpira huelekea kulia. Mtu mrefu anayenunua fimbo za mtu mfupi huhangaika na mwalimu miezi mingi akirekebisha pigo ambalo halina kosa.

Ya nne ni shafti. Herufi zake zinajulikana: L kwa laini kabisa, A kwa wazee, R kwa kawaida, S kwa ngumu, X kwa ngumu zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote, hivyo R ya kampuni moja inaweza kulingana na S ya nyingine. Uzito ndio usemao kweli. Shafti nyingi za chuma za fimbo za seti huwa kati ya gramu 95 na 130, na za grafaiti huwa nyepesi zaidi. Ukijua uzito wa shafti unayoitumia sasa na unaipenda, usiondoke mbali nao.

Kinachorekebishika na kisichorekebishika

Gripu ni jambo dogo. Iliyochakaa, nyembamba au nene hubadilishwa kwa dakika chache na kwa pesa kidogo, kwa hiyo gripu mbovu isikuzuie kununua seti nzuri. Itumie kupunguza bei.

Urefu nao hurekebishika, ila kukata ni rahisi kuliko kuunga. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua ndefu. Kumbuka tu kwamba kila nusu inchi inayokatwa hufanya kichwa kihisike chepesi mkononi, na kila nusu inchi inayoungwa hukifanya kihisike kizito. Kupita inchi moja, mizani ya fimbo huharibika.

Pembe ya ukaaji na lofti hutegemea chuma. Vichwa vilivyofuliwa kwa chuma laini hupindika nyuzi mbili au zaidi bila shida. Vilivyosubiwa kwenye kalibu ni vigumu. Vingine hukubali kidogo, vingine hupasuka shingoni. Muulize fundi kabla ya kununua, si baada.

Shafti hubadilishwa, lakini kwa seti nzima gharama yake inaweza kuzidi bei ya seti yenyewe. Draiva ni tofauti. Tangu mwaka 2009 hivi, kampuni kubwa zimekuwa zikitoa draiva ambazo kichwa hufunguliwa kwa bisibisi maalumu na kugeuzwa kubadili lofti. Kwa anayenunua bila kujaribu, kifaa hicho kina thamani kuliko rangi au mwaka wa toleo. Hakikisha bisibisi imo.

Kisichorekebishika ni kichwa chenyewe. Fimbo zenye vichwa vyembamba, zilizotengenezwa kwa wanaogonga mpira katikati kila mara, hazitageuka kuwa za kusamehe makosa. Kama alama yako ya handikapu bado iko juu ya 15, chagua vichwa vipana vilivyochimbwa nyuma.

Zipi uagize, zipi usubiri

Fimbo za chuma za seti, kuanzia namba 5 au 6 hadi weji, ndizo salama kuagiza, kwa sababu karibu kila kitu chake kina namba na kingi kinarekebishika. Haibridi nazo zinafuata.

Draiva inunuliwe kwa kuzingatia sheria. Ukubwa wa kichwa ulifungwa kwenye sentimita za ujazo 460 tangu mwaka 2004, na kufikia 2008 kikomo cha nguvu ya uso kurusha mpira kilikuwa kinatumika duniani kote. Tangu hapo maboresho yamekuwa hasa katika kusamehe makosa na uwezo wa kurekebisha. Ndiyo maana draiva ya miaka sita iliyotunzwa vizuri, ya nyuzi 10.5 na yenye shingo ya kurekebisha, inamfaa mchezaji wa kawaida kuliko ya mwaka huu yenye nyuzi 8 na shafti ngumu. Kama unacheza mashindano, tafuta jina lake katika orodha ya draiva zilizoidhinishwa na wasimamizi wa sheria za gofu, R&A na USGA.

Weji inategemea ardhi. Sehemu ya chini ya kichwa ina kipimo chake cha nyuzi kinachozuia fimbo isichimbe. Nyuzi 10 hadi 14 zinafaa mchanga laini, udongo wenye maji na nyasi nene. Nyuzi 4 hadi 6 zinafaa ardhi ngumu iliyokauka. Anayechezea nyanda za juu anaijua nyasi ya Kikuyu, ambayo asili yake ni huku na imesambaa hadi Afrika Kusini, Australia na California: hushika shingo ya fimbo na kugeuza uso wake. Humo chagua weji nzito yenye nyuzi nyingi chini, na badala ya fimbo ndefu za chuma chukua haibridi. Anayechezea pwani aogope chumvi zaidi. Weji zisizopakwa kromiamu hushika kutu upesi, na shafti za chuma huliwa kwa ndani.

Pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, usiiagize. Ni jambo la jicho na hisia ya mkono, na ndiyo fimbo rahisi kuliko zote kuijaribu mahali popote penye klabu. Isubiri.

Anayeanza asinunue seti kamili. Sheria inaruhusu fimbo 14 mkobani. Haimlazimishi mtu kuzifikisha. Draiva au wudi moja, haibridi moja, namba 6 hadi 9, weji mbili na pata zinatosha mwaka mzima. Mwanamke mrefu asikubali moja kwa moja seti ya kike. Huenda seti ya kiume yenye shafti nyepesi ikamfaa zaidi. Mtoto naye asikatiwe fimbo za baba: urefu hupungua, uzito wa kichwa hubaki, na mtoto hujifunza kuuvuta mzigo badala ya kupiga. Kuna fimbo za watoto zinazopangwa kwa kimo, na kwa kuwa watoto hukua upesi, mitumba yake mara nyingi huwa katika hali nzuri.

Mwandikie muuzaji

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari yako, kaka. Nimeona seti unayouza na ninaihitaji. Naomba picha ya uso wa kila fimbo, picha ya shingo yenye namba ya utambulisho, na picha ya maandishi ya kwenye shafti. Tafadhali simamisha namba 7 sakafuni kama unataka kupiga, upime kwa futi kamba kutoka kisigino cha kichwa hadi mwisho wa gripu, unitumie picha ya futi ikionekana. Zimewahi kukatwa, kuungwa au kupindwa? Ni za mkono wa kulia au wa kushoto?"

Picha zikija, tazama mifereji ya uso. Katikati pakiwa laini na kung'aa kuliko pembeni, fimbo imepiga mipira mingi, na weji ya namna hiyo haitasimamisha mpira. Tazama pale shafti inapoingia kichwani: kutu ya vidoti au pete nyeusi iliyoachia ni dalili mbaya. Kwa draiva, omba video fupi akikitikisa kichwa. Kikilia kama kuna kokoto ndani, gundi imevunjika au kuna kipande kimeng'oka. Ufa mwembamba kama unywele usoni hauna dawa.

Kama muuzaji yuko mji mmoja nawe, kutaneni klabuni, ulipe fimbo zikiwa mkononi. Akiwa mbali na akataka pesa yote kwanza kwa simu, huku hataki kutuma picha moja zaidi, tafuta seti nyingine.

Bandia

Fimbo za gofu zinaghushiwa sana, na ghushi hizo mara nyingi hufanana na za kweli kwenye picha. Bei ndiyo shahidi wa kwanza. Draiva mpya ya kampuni kubwa huuzwa Marekani kwa karibu dola 600. Ikitangazwa mpya kwa dola 120, jua jibu. Shahidi wa pili ni namba ya shingoni. Fimbo tofauti zenye namba moja, au namba iliyochorwa kwa rangi badala ya kuchongwa, zikutie shaka. Wa tatu ni sumaku. Vichwa vingi vya draiva hutengenezwa kwa titani, ambayo haishiki sumaku. Sumaku ikiganda kwenye uso wa draiva inayouzwa kama ya titani, irudishe. Usitumie jaribio hilo kwa wudi, haibridi na fimbo za seti, kwani nyingi ni za chuma halali, na usilifanye karibu na skrubu za uzito.

Hesabu gharama yote

Anayeagiza kutoka Uingereza au Marekani asitazame bei ya fimbo pekee. Ushuru wa forodha kwa kawaida hukokotolewa kwa jumla ya bei, bima na usafiri, kisha juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda, pamoja na tozo nyingine za nchi husika. Mpe wakala wa forodha jumla hiyo kabla hujalipa. Angalia pia masharti ya kurudisha. Ahadi ya kurudisha bure iliyotolewa kwa wateja wa London haikusaidii ukiwa Dodoma. Nauli ya kurudisha italipwa nawe.

Kwa ndugu anayekuja na ndege, mwandikie namba, si jina la kampuni. Akiwa dukani ataonyeshwa fimbo kumi zenye jina lile lile.

Zikifika

Usianze kwa kupiga, maana fimbo iliyogusa mpira hairudishwi kama mpya. Kwanza zipange ukutani kwa mfuatano: vichwa vya gripu vishuke kwa ngazi sawa. Pima urefu wa namba 7, soma maandishi ya shafti, linganisha namba za shingoni, tumia sumaku kwa draiva. Kikipatikana kisichopatana na tangazo, mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo kwa maandishi na picha.

Yote yakipatana, nenda uwanja wa mazoezi na kalamu ya wino mzito. Chora mstari mnene kwenye mpira, uuweke mstari ukiwa wima na kutazama uso wa fimbo, kisha piga. Wino utaachia alama usoni. Alama ikisimama wima, pembe inakufaa. Ikilala upande mara kwa mara, mpelekee fundi fimbo hiyo kabla hujamlaumu mwalimu wako. Na zikishakuwa zako, usizilaze kwenye buti la gari juani. Joto hulainisha gundi inayoshika vichwa.

Kabla ya kutuma pesa, uwe na namba sita zimeandikwa: kimo chako, umbali wa kifundo chako hadi sakafuni, yadi zako halisi za namba 7, urefu wa fimbo hiyo, lofti yake, na uzito wa shafti yake. Ukikosa hata moja kwa sababu muuzaji hataki kuitoa, pesa ikae mfukoni. Seti nyingine itatangazwa wiki ijayo.